Magendo ya Mboga Katika Makaroni ya Jibini

Makaroni ya jibini yenye mboga za kufichwa hupikwa hivi. Unga wa ngano hukaangwa kidogo kwenye siagi, maziwa humiminwa taratibu huku mwiko ukizunguka, na sosi ikishakuwa nzito huepuliwa na kutiwa jibini iliyokwaruzwa. Jiko la pili huwa na koliflawa, boga au karoti zinazochemka hadi zilegee kabisa. Hizo husagwa kwenye blenda mpaka isibaki hata chembe moja, kisha uji wake huingizwa katika sosi kabla mlaji mdogo hajapita jikoni. Makaroni yaliyochemshwa huja mwisho. Mtoto anakula, mzazi anashusha pumzi, na boga halitajwi na yeyote.

Makaroni na jibini vina umri mkubwa. Elizabeth Raffald aliyachapisha mapishi yake Uingereza mwaka 1769, akitumia jibini ya Parmesan, na mwaka 1937, Marekani ikiwa bado inachechemea kutoka kwenye mdororo wa uchumi, kampuni ya Kraft ikayauza ndani ya boksi. Siri ndiyo iliyokuja baadaye. Mwaka 2007 vitabu viwili vilitoka Marekani kwa kupishana miezi michache, The Sneaky Chef cha Missy Chase Lapine na Deceptively Delicious cha Jessica Seinfeld, vyote vikifundisha kuweka akiba ya mboga zilizosagwa na kuzipenyeza katika vyakula ambavyo watoto hawavikatai. Lapine alikwenda mahakamani kulalamika kwamba ameigwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilikubaliana na ile ya chini: kuweka akiba ya mboga zilizosagwa ili zitumike kwa siri katika chakula cha watoto ni wazo tu, na wazo halina hakimiliki. Hila hiyo ikabaki kuwa mali ya kila mtu, na kila mtu ameichukua. Leo hufundishwa kwa video fupi, na anayepika Nairobi au Dar es Salaam huifuata sawa na anayepika Chicago.

Wanaoitetea wana hoja inayostahili kusikilizwa kwanza. Mtoto wa kati ya miaka miwili na sita huogopa chakula asichokizoea, na hofu hiyo ni sehemu ya kawaida ya kukua. Haitokani na malezi mabaya. Mwili wake, hata hivyo, unahitaji mboga leo, haungoji afikishe umri wa busara. Kugombana mezani kila jioni huharibu chakula na undugu pamoja. Kwa hiyo, wanasema, mzazi mwenye akili huacha vita, huchukua blenda, na kuufikishia mwili kile ambacho mdomo unakikataa. Tena kuna utafiti: katika Chuo Kikuu cha Penn State, timu ya mtafiti Barbara Rolls iliwapa watoto 40 wa miaka mitatu hadi mitano vyakula vyenye mboga zilizosagwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kiasi cha mboga walichokula kwa siku kilikaribia kuongezeka mara mbili. Haya yote ni kweli. Yanayojengwa juu yake ndiyo hayasimami.

1. Rangi ndiyo inayochagua mboga

Anayeficha hawezi kuanza kwa kuuliza mboga ipi ina faida zaidi. Huanza kwa kuuliza ipi haitaonekana. Koliflawa hupotea katika sosi nyeupe. Boga na karoti hupotea katika sosi ya njano. Orodha inaishia karibu hapo hapo. Mchicha, sukuma wiki, kisamvu, majani ya kunde na majani ya maboga, yaani majani yale ya kijani kibichi ambayo kila mshauri wa lishe huyataja kwanza, hayana nafasi, kwa sababu kiganja kimoja tu kinatosha kuigeuza sosi nzima kuwa ya kijani na kumfichua mfichaji.

Boga na karoti angalau zina beta-karotini, na mafuta ya jibini husaidia mwili kuipokea. Koliflawa, kipenzi cha mapishi haya, kwa zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ina vitamini C, lakini sehemu yake hubaki katika maji ya kuchemshia, ambayo humwagwa. Na akitokea mpishi jasiri akaupenyeza mchicha kwa ajili ya madini ya chuma, atakuwa ameuweka ndani ya maziwa na jibini, vyakula vyenye kalisi nyingi, na kalisi hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mboga katika mlo huo huo.

Rangi ya njano inayotumika kama pazia, kwa upande wake, mara nyingi si ya maziwa. Jibini ya Cheddar ya rangi ya chungwa hupakwa rangi kwa mbegu za mzingefuri. Kraft nayo ilitangaza mwaka 2016 kwamba boksi zake za Marekani zilikuwa tayari zimeachana na rangi za viwandani na kutumia manjano, paprika na mzingefuri, na kwamba kwa miezi kadhaa wateja walikuwa wamekula bila kugundua. Boga, lenye rangi yake halisi, linafichwa nyuma ya jibini iliyopakwa rangi, na linaloonewa haya ni boga.

2. Hesabu ya sahani

Mapishi ya kawaida ya watu wanne huwa na takriban gramu 300 za makaroni makavu, gramu 200 za Cheddar, nusu lita ya maziwa na gramu 200 za mboga. Kila sahani inapata gramu 50 za mboga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miaka miwili hadi mitano ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Shughuli yote ile ya kuchemsha, kusaga na kunyemelea imeleta sehemu moja ya tano.

Sahani hiyo hiyo ina gramu 50 za Cheddar, ambazo ni takriban kalori 200 na gramu 0.9 za chumvi. Mamlaka za afya za Uingereza, nchi inayokula Cheddar kwa moyo wote, zinashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku, na wa miaka minne hadi sita asizidishe gramu 3. Mtoto wa miaka mitatu aliyemaliza sahani yake amekaribia nusu ya chumvi ya siku kabla ya kuhesabu ile iliyotiwa kwenye maji ya makaroni. Akila nusu sahani, chumvi inapungua nusu, na mboga nazo zinapungua nusu, uwiano haubadiliki.

Kuna jambo baya zaidi, nalo hujulikana na kila aliyewahi kusimama mbele ya sufuria hiyo. Uji wa mboga ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiingia katika sosi huilegeza na kuizimua ladha. Mboga zikizidi, mtoto anahisi. Ili asihisi, jibini inaongezwa. Kadiri mboga inayofichwa inavyokuwa nyingi ndivyo pazia linavyolazimika kuwa zito. Ndiyo maana maelekezo mengi ya aina hii yana sentensi isiyo na hatia inayosema jibini iongezwe kwa kuonja. Mzazi aliyeanza na nia ya kumlisha mtoto mboga humaliza akimlisha jibini kwa kiwango ambacho asingekithubutu bila kisingizio cha mboga.

3. Utafiti unaotajwa nusu

Utafiti wa Penn State hutajwa sana, na husomwa kidogo. Kwanza, vyakula vilivyotumika vilikuwa mkate wa zukini, pasta ya sosi ya nyanya, na kuku aliyeokwa na tambi. Sosi nzito ya jibini haikuwa ndiyo iliyopimwa. Pili, kilichopimwa ni kile watoto walichokula siku za majaribio. Kama baadaye walizipenda mboga hizo, au hata walizitambua, halikuwa swali la watafiti.

Tatu, na hapa watetezi huruka mstari, lengo lililotangazwa tangu kwenye kichwa cha utafiti lilikuwa pia kupunguza kalori. Watoto walikula uzito ule ule wa chakula, lakini chakula kilikuwa na nishati ndogo zaidi, na kalori za siku zikashuka kwa takriban asilimia 12. Kwa nchi inayohangaika na unene wa watoto, hayo ni mafanikio. Lakini mzazi anayeficha mboga kwa kawaida hulalamikia kinyume chake: mtoto hali, mtoto amekonda. Na mapishi yanapovuka bahari hukutana na hali nyingine kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Wa Kenya wa mwaka huo huo uliwakuta asilimia 18. Kuazima mbinu iliyothibitishwa kwa kupunguza nishati, kisha kuipeleka kwa mtoto anayesemekana hali vya kutosha, ni kumpa mgonjwa dawa ya jirani.

Mtetezi anaweza kujibu kwamba jibini inaziba pengo hilo la kalori. Inaziba kweli. Ila hapo ajue kwamba chakula anachokipika si kile kilichopimwa, na utafiti anaoushika mkononi haumhusu tena. Ama mboga zimechukua nafasi ya nishati, kama watafiti walivyokusudia, ama jibini imerudishwa kufidia, na hesabu ya sehemu iliyotangulia inaanza upya.

4. Ulimi haujifunzi usichokionja

Hoja nzima ya kuficha inadhani kwamba tatizo ni la mwili kukosa mboga. Tatizo lililompeleka mzazi kwenye blenda ni jingine: mtoto hazipendi. Kupenda chakula ni jambo la kujifunza, na namna linavyojifunzwa inafahamika vizuri kuliko watetezi wanavyokubali. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Leann Birch na wenzake huko Marekani walionyesha mara kwa mara kwamba watoto hukizoea chakula kwa kukionja tena na tena. Kukitazama peke yake hakutoshi, na kuonja mara moja au mbili hakutoshi pia. Mwaka 2003 Jane Wardle, Lucy Cooke na wenzao wa London walichapisha jaribio la wazi kabisa. Wazazi walipangiwa mboga moja ambayo mtoto haipendi, wakaombwa wamwonjeshe kidogo kila siku kwa siku 14. Mwisho wa siku hizo watoto waliipenda zaidi na kuila zaidi. Hakuna kilichosagwa, hakuna kilichofichwa, na kiasi kwa siku kilikuwa cha kuonja tu.

Kujifunza huko huanza mapema ajabu. Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha mwaka 2001 matokeo ya kina mama waliokunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito au miezi ya kwanza ya kunyonyesha. Watoto wao walipopewa uji wenye ladha ya karoti, walionyesha kuukunjia uso kidogo kuliko uji wa kawaida, tofauti ambayo haikuonekana kwa watoto wengine. Ladha iliwafikia kupitia tumbo la mama na maziwa yake, ikawa si ngeni tena.

Sasa makaroni ya magendo yapimwe kwa kipimo hicho. Sharti la kufaulu kwake ni kwamba ladha ya boga isisikike hata kidogo. Ikisikika, mpishi ameshindwa na jibini inaongezwa. Kwa hiyo sahani 50 zilizofaulu kikamilifu ni masomo 50 ya jibini na sifuri ya boga. Mtoto anatoka katika mwaka mzima wa mboga akiwa hajui boga lina ladha gani, lina rangi gani likiwa limekatwa, wala kwamba aliwahi kulila. Jicho nalo halijifunzi chochote, ilhali hofu ya chakula kigeni huanzia machoni: watoto wengi hukataa kabla kijiko hakijafika mdomoni, kwa sababu ya umbo, rangi au kijiti cha kijani kinachochungulia. Anayeondoa mboga mbele ya macho ameondoa kitu hasa ambacho mtoto alihitaji kukizoea.

Matokeo yake huonekana siku mtoto anapokula mahali pasipo na blenda ya nyumbani: shuleni, kwa shangazi, harusini. Pale mboga huletwa ikiwa na sura yake, na yeye ni mgeni nayo kama alivyokuwa akiwa na miaka miwili, tofauti ikiwa tu kwamba sasa ana nguvu zaidi za kukataa.

5. Siri na mashaka

Hofu ya chakula kipya ni aina ya mashaka. Tiba iliyopendekezwa kwa mtoto mwenye mashaka ni kumdanganya. Huenda hakuna eneo jingine la malezi ambapo ushauri wa namna hiyo ungepita bila mtu kucheka.

Siri hizi hazikai. Kipande cha boga kinaponea blenda, mtoto anaingia jikoni kabla ya wakati, au kaka yake mkubwa, anayejua, anaropoka. Siku hiyo mzazi anapoteza vitu viwili: boga, ambalo halikuwahi kupata nafasi, na makaroni, ambayo yalikuwa mojawapo ya vyakula vichache vya uhakika. Kwa mtoto wa kawaida, hasara hiyo hupita baada ya wiki kadhaa za kuchunguza kila sahani kwa uma. Kwa mtoto ambaye vyakula anavyovikubali vinahesabika kwa vidole, hali ambayo tangu mwaka 2013 ina jina lake katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, kupoteza kimoja ni jambo zito. Na wazazi wa watoto hao ndio wanaosukumwa zaidi kwenye mapishi ya kuficha.

Watetezi hujibu kwamba njia nyingine ni kulazimisha, na kulazimisha hudhuru. Kuhusu madhara hawakosei. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Amy Galloway, Birch na wenzao waliwapa watoto supu ya boga na supu ya mahindi. Ile waliyoshurutishwa kuimaliza waliila kidogo zaidi na kuisema vibaya zaidi. Lakini kati ya fimbo na hila kuna nafasi pana. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter ameieleza kwa miongo kadhaa kwa mgawanyo rahisi: mzazi huamua chakula gani kinaletwa, saa ngapi na wapi, mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Anayeficha huvunja pande zote mbili, kwani humwachia mtoto kuamua menyu, kisha humpokonya kwa siri uamuzi wa kinachoingia mwilini mwake.

Onyo moja la nyongeza: chakula chenye siri kikiliwa na mtoto mgeni, siri hiyo inaweza kuwa kizio. Selari imo katika orodha ya vizio 14 ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha vitajwe, na korosho husagwa katika sosi nyingi za kuiga jibini. Kiwanda kinabanwa kutaja. Jikoni mwa nyumbani ukimya huitwa ubunifu.

6. Wanaofanya yote mawili

Watetezi waangalifu husema: mboga ifichwe na ionekane pia, boga ndani ya sosi na karoti pembeni. Ushauri huu unakubali hoja yote iliyotangulia bila kusema hivyo. Ikiwa mboga inayoonekana ndiyo inayofundisha, ile iliyofichwa imebaki na kazi moja ya kumtuliza mtu mzima. Mtu mzima aliyetulizwa, kwa bahati mbaya, ndiye anayeacha kuleta karoti pembeni, kwa sababu mtoto ameshakula mboga zake.

7. Gharama

Kilo moja ya jibini ngumu huhitaji takriban lita 10 za maziwa. Gramu 200 za Cheddar ni lita mbili, na sosi yenyewe inataka nusu lita nyingine. Lita mbili na nusu za maziwa zinatumika ili gramu 200 za boga zisionekane. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako boga huuzwa gengeni na jibini hukaa kwenye friji ya supamaketi, hesabu hii ni ya kichekesho zaidi: kitu cha bei nafuu kinafunikwa kwa kitu ghali, na kinachopewa heshima ya ladha ni kile ghali. Ongeza gesi ya sufuria ya pili, umeme wa blenda, na muda wa mama au dada wa kazi anayeosha blenda hiyo haraka kabla mtoto hajaamka. Karoti iliyooshwa na kukatwa vijiti haihitaji lolote kati ya hayo.

8. Pasta isiyoficha kitu

Italia, ambako pasta ni chakula cha kila siku, haina habari na magendo haya. Sicily hupika pasta kwa koliflawa iliyopondwa na kuachwa ionekane. Puglia huchanganya orecchiette na majani machungu ya cime di rapa, kijani kabisa. Mantova na Ferrara hujaza boga ndani ya pasta, na hilo boga hutajwa kwenye jina la chakula ili mlaji ajue anachokipata. Jibini ya kukwaruza hunyunyizwa juu kwa kiasi.

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kulimaliza suala la kuponda mboga bila kudanganya. Mukimo wa Kenya ya kati hupondwa pamoja na majani ya maboga, na ukijani wake ndio unaotarajiwa; mukimo mweupe kabisa ungezua maswali. Futari ya boga ya nazi huliwa pwani mwezi wa Ramadhani na wakubwa kwa wadogo kwenye sahani moja. Boga hapo halina aibu yoyote, na tui la nazi linalipa ladha bila kulifunika.

Makaroni yale yale ya watu wanne yanaweza kupikwa kwa njia hiyo. Boga gramu 300 hukatwa vipande vya ukubwa wa kete, hukaangwa kwa siagi mpaka pembe zake zianze kugeuka hudhurungi, na huchanganywa na makaroni yakiwa bado na maji kidogo ya kuchemshia, ambayo wanga wake hushikilia sosi. Jibini gramu 80 au 100 inatosha, kwa kuwa haina tena kazi ya kufunika. Mboga za majani huja kwenye bakuli lake, kwa jina lake, na mtoto akiziacha leo huletwa tena kesho kutwa, kidogo kidogo, kama walivyofanya wazazi wa London kwa siku 14.